Uso Chini ya Rangi

Habari za kuvunjwa kwa yule malaika nilizipata mlangoni mwa kanisa, nikiwa nimeinama natafuta viatu vyangu kati ya viatu vya watu. Fundi mmoja wa ujenzi, kijana wa Amalemba, alikuwa akimweleza mwenzake kazi aliyoipata Kabras. Jumanne wangeenda kubomoa kaburi la zamani na kulijenga upya kwa vigae, kwa sababu wenye boma wanafanya ukumbusho na wageni watatoka mbali.

"Lina sanamu ya mama mwenye mabawa," akasema. "Sijui tutamtupa wapi."

"Mwambie aruke," mwenzake akajibu, wakacheka.

Niliwaacha wacheke, kisha nikamshika yule kijana mkono nikamwuliza ni kwa nani huko Kabras. Akataja jina la mzee wa boma. Nikamtajia la baba wa huyo mzee, na la mama aliyelala chini ya lile kaburi, na la kijiji alichotoka alipokuja kuolewa. Akanitazama kwa woga kidogo. "Mama, kwani wewe ni wa huko?"

Mimi si wa huko. Ila malaika yule alitengenezwa na mume wangu, uso aliompa ni wa binti yangu, na binti yangu hana picha nyingine popote.

Mume wangu alikuwa fundi wa makaburi. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika shamba la mzungu huko Lugari, na moja ya kazi zake ilikuwa kufyeka nyasi katika makaburi madogo ya wale wenye shamba, yaliyozungushiwa ukuta wa mawe. Ndani kulikuwa na malaika wa jiwe jeupe lililoletwa kwa meli, na nguzo iliyochongwa makusudi kama imekatika, na mwanakondoo aliyelala juu ya kaburi la mtoto. Aliniambia alikuwa akimaliza nyasi upesi ili apate nafasi ya kupapasa mikunjo ya vazi la yule malaika, ajue kidole kinaingia mpaka wapi. Wazungu walipoondoka na mashamba yakagawanywa, yeye alirudi nyumbani na kazi ambayo hakuna mtu aliyemfundisha. Jiwe jeupe hatukuwa nalo. Alitumia simiti, mchanga wa mtoni, waya na vyuma. Mimi nilichekecha mchanga na kukoroga. Shule niliishia darasa la tatu, lakini simiti ya kutengenezea uso naijua kama ninavyojua uji, ukiwa mzito na ukiwa mwepesi.

Alitengeneza malaika, biblia zilizofunguliwa, mikono iliyoshikana. Mzee aliyekuwa na fahali wa kupigana alitengenezewa fahali. Majina ya wote waliojengewa ninayo kichwani, na ya watoto wao, na nani alimwoa nani. Hapa sitayaandika. Jina la marehemu ni la nyumba yake.

Binti yetu alikufa kwa homa ya ghafla akiwa bado shuleni. Siku zile mpiga picha alikuwa akija siku ya soko na kamera yake ya miguu mitatu, nasi tulikuwa tukisema, wiki ijayo. Kwetu, msichana ambaye hajaolewa huzikwa pembeni, kando ya ua, na mambo yake hayachukui muda. Baba yake alitaka kumjengea. Wazee wa ukoo wakamwita wakamwuliza, "Baba yako amelala chini ya udongo mtupu. Mama yako vilevile. Wewe unataka simiti ianzie kwa mtoto?" Kwa sababu simiti nayo hufuata umri, mdogo hatangulii mkubwa. Na pesa za kuwajengea wote kwa mpangilio hatukuwa nazo. Mume wangu hakubishana nao. Alirudi nyumbani, na kaburi la mtoto likamea majani.

Baadaye kidogo akaitwa Kabras kumjengea malaika mama wa boma moja kubwa la wakulima wa miwa. Kawaida nilikuwa nikimkorogea mpaka mwisho. Safari ile, alipofika kwenye uso, aliniambia nibaki nyumbani. Kazi ilipokwisha akanichukua. "Njoo uone," akasema. Nilipouona ule uso nikakaa chini pale pale kwenye mchanga uliobaki. Yeye akawa anaosha mwiko wake. Akasema tu, "Huku hawawezi kumkataza."

Hatukulizungumza tena. Naye sasa amelala nyumbani, karibu na wazazi wake, chini ya udongo kama wao.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikizunguka na mjukuu wangu kupiga picha za kazi zake, kwa sababu watu wanazivunja. Siku hizi kila mtu anataka vigae na paa la mabati juu ya kaburi. Mjukuu huyu ni mwanamke mzima, anafanya kazi ofisini mjini, tunaishi naye Shieywe. Jina lake ni la yule shangazi aliyekufa. Tulianzia Lugari, kwa malaika wa jiwe, tukamkuta hana pua na ndama amefungwa kwenye nguzo iliyokatika. Tukaja kwa wale wa simiti. Mahali pengine tulifukuzwa. Mwanamke mzee anayezunguka makaburini na mtu wa kupiga picha, watu hufikiria mawili: ama ni mchawi, ama ametumwa na watu wa kunyang'anya mashamba. Bwana mmoja aliniambia, "Afadhali ungekuwa mchawi."

Yule wa Kabras nilimwacha awe wa mwisho, kama mtu anavyoacha kipande kizuri cha nyama mwisho wa sahani. Sikufikiri kuna mtu angeninyang'anya sahani.

Jumapili ile jioni nikamwambia mjukuu wangu kesho tunaenda.

"Kukhu, kesho ni kazi. Twende Jumamosi."

"Jumamosi tutapiga picha ya nini? Ya kifusi?"

Akanitazama, akatoka nje na simu kumwomba mkubwa wake ruhusa. Nilimsikia akisema ni jambo la kifamilia. Na ni kweli.

Tulifika jua likiwa utosini. Boma lile limezungukwa na miwa mirefu, kaburi liko mbele ya nyumba, na vigae vilikuwa tayari vimepangwa ndani ya maboksi yao chini ya mti. Nilienda moja kwa moja kwa malaika kabla hata ya kubisha hodi, jambo ambalo si adabu, lakini nilienda.

Hakuwa na uso.

Hawakuwa wamemvunja. Walikuwa wamempenda mno. Kila Desemba, watoto wa boma wanaporudi nyumbani, kaburi hupakwa rangi, na rangi yenyewe ni ile nzito ya mafuta, ya kupaka mageti. Walikuwa wamempaka mwaka baada ya mwaka juu ya rangi ya zamani mpaka macho yakajaa, mdomo ukafungwa, pua ikawa kilima kidogo. Mbele yangu kulikuwa na yai jeupe lenye mabawa.

Mjukuu wangu akainua simu akapiga picha, akanionyesha. Yai lilikuwa linang'aa. "Kukhu," akasema polepole, "ni huyu?"

"Ni huyu. Yuko ndani."

Mzee wa boma akatoka, mtu mnene wa kofia, si mdogo wangu kwa mbali, na mke wake nyuma yake anajifuta mikono. Tukasalimiana mulembe kama inavyopasa. Nikajitambulisha kama mke wa fundi, na mzee akafurahi sana. Alimkumbuka. Alisema fundi yule alikula ingokho wa boma lile mpaka jogoo wakaanza kujificha wakimwona. Akatuletea viti. Nikamwambia naomba kupiga picha kazi ya mume wangu kabla haijavunjwa.

"Piga tu, mama. Picha si kitu. Mimi kila asubuhi nikiamka namsalimu mama yangu hapo. Hata watu wanasema nimefanana na huyu malaika."

Mke wake akamtazama, akamtazama malaika, akasema, "Tumbo, labda."

"Lakini mzee," nikasema, "nataka kuutoa rangi uso kwanza."

Kicheko chake kikaisha. "Unataka kumchuna mama yangu?"

"Kesho mafundi wako wanakuja kumpiga nyundo. Kuchunwa na kupigwa nyundo, kibaya ni kipi?"

"Hao watamtoa mzima, watamweka kando kwa heshima."

"Hatoki mzima. Ana chuma kimeshuka kutoka shingoni mpaka kwenye msingi. Nilikishika kwa mkono wangu simiti ikimwagwa."

Hata hivyo hakukubali. Akasema siku ya kuamkia kazi ya kaburi hakuna mtu wa kulichokoa. Akauliza, kwani haraka yangu ni ya nini, picha za malaika ziko kila mahali. Ningeweza kumdanganya. Ningesema mtu wa makumbusho anazitaka. Nilimwangalia nikaona ni mtu anayemsalimu mama yake kila asubuhi, nikaona nimwambie kweli.

"Uso ulio chini ya hiyo rangi ni wa binti yangu. Alikufa akiwa msichana. Mume wangu alikatazwa kumjengea kwetu, akamweka hapa. Sina picha yake. Nimekuja kuichukua."

Mzee akakivuta kiti chake nyuma.

"Uongo," mzee akasema, na sauti ilikuwa imepanda. "Baba alilipia uso wa mama. Tulimpa fundi picha ya mama, ile ndogo ya kipande chake cha utambulisho. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa mkononi!"

Hilo sikulijua. Nakiri lilinigonga. Mume wangu hakuwahi kunitajia picha yoyote, nami ule uso niliuona mara moja tu, nikiwa nimekaa mchangani na macho yamejaa maji. Mtu mwenye huzuni huona uso wa mtoto wake hata kwenye wingu. Mjukuu wangu alinigusa mgongoni. Nadhani alitaka twende.

Sikwenda. "Basi ni rahisi," nikasema. "Tutoe rangi. Akiwa ni mama yako, nitakuomba msamaha mbele ya mke wako, na picha itakuwa yako."

"Na asipokuwa?"

"Picha ni yangu."

Mzee akatazama miwa yake kana kwamba ingemjibu. Mke wake ndiye aliyeingia ghalani akatoka na mafuta ya kuyeyusha rangi, na msasa, na kisu cha zamani cha kumenyea viazi. "Mimi nataka kujua," akasema. "Nimefuta vumbi kwenye huyu mtu tangu alipojengwa, na kabla sijauzoea uso wake walikwisha kumpaka rangi. Hebu nijue nimekuwa nikimfuta nani."

Tulifanya kazi sisi wanawake watatu. Mafuta yanapakwa, yanaachwa yalainishe, kisha unakwaruza kidogo kidogo, bila kusukuma ncha ya kisu ndani, kwa maana simiti ya uso ni laini, ilichekechwa kwa kitambaa. Nyeupe ikatoka, chini yake rangi ya fedha, chini yake nyeupe tena, halafu buluu.

"Buluu ni ya mwaka shemeji alipopaka geti lake ikabaki," mama wa boma akasema. "Mimi nilisema malaika hawi wa buluu. Akaniambia, mbinguni ni buluu."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametugeuzia mgongo. Lakini kila mara kisu kikikwama alikuwa akigeuza shingo. "Polepole hapo," akasema mara moja, bila kututazama.

Paji la uso lilitoka kwanza, kisha macho. Rangi ya mwisho ilikuwa imeng'ang'ania kwenye pembe za mdomo, nikaimaliza kwa kijiti. Halafu tukarudi nyuma kuangalia, na bado sikuweza kusema ni nani, kwa sababu simiti ya kijivu iliyokwaruzwa haisemi. Ilikuwa na madoa meupe huku na huku, na jua lilikuwa bado juu, likifuta kila kivuli. Mjukuu wangu akapiga. Kwenye simu kulikuwa na kitu kama ukuta wenye macho.

"Mnaona?" mzee akasema. "Hajulikani. Si wangu wala si wako."

"Hatujamaliza. Mama, una sufuria ya kuni?"

Mume wangu, kazi ya uso ilipokauka, alikuwa akichukua masizi ya sufuria, anayakoroga na maji, anaupaka uso wote mpaka unakuwa mweusi, kisha anaupangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Palipoinuka panasafishika, palipobonyea masizi yanabaki. Ndivyo alivyojua kama macho yamelingana. Nikafanya vivyo hivyo. Kisha nikasema tungoje jua lishuke, lije kwa upande.

"Picha ni picha, mama," mzee akasema. "Jua ni lile lile."

"Utaona."

Tukangoja. Mama wa boma akaleta obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, tukala, mzee akala na sisi ingawa alikuwa amenuna. Aliniuliza maswali kuhusu mama yake, kunijaribu. Nikamjibu. Nilimtajia ndugu zake wote waliokuja siku ya kazi kuangalia ujenzi, kwa kufuatana kwa kuzaliwa, hata yule aliyehamia ng'ambo ya mto asiyetajwatajwa. Akaacha kuuliza.

Jua lilipofika usawa wa miwa, mwanga ukaja kwa upande, wa manjano, ukapita shavuni. Mjukuu wangu alikuwa amesimama tayari. Akainua simu, halafu akaishusha tena bila kupiga. Akaweka mkono mdomoni.

Alikuwa ni yeye. Shingo ndefu, nyusi zinazokaribiana, sikio moja limetoka nje kidogo kuliko jingine, ambalo baba yake angeweza kulirekebisha asilirekebishe. Hakuwa amemtengeneza malaika aliyeinama kama yule wa Lugari. Huyu alikuwa ameinua kichwa.

"Piga," nikamwambia mjukuu wangu. "Utalia baadaye. Jua halikungoji."

Akapiga. Nikamwambia sogea kushoto, chuchumaa, sasa simama juu ya kiti, sasa karibu zaidi. Alipiga mpaka kivuli cha miwa kilipofika kidevuni.

Mzee alikuwa ameinuka. Alisimama mbele ya uso ule kofia mkononi. "Mama naye alikuwa msichana wakati mmoja," akasema.

"Mzee," mke wake akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Mama mkwe nilipika naye jikoni mpaka akafa. Huyu si yeye."

Akavaa kofia, akaivua tena. "Basi miaka yote hii nimekuwa nikimsalimu nani?"

Niliona nimemchukulia kitu, na kwamba hakuna vigae vya kukilipa. Lakini jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa la kweli.

"Umekuwa ukimsalimu binti yangu," nikamwambia. "Nyumbani kwetu amelala kando ya ua, watu wanampita wakienda kuchunga. Hakuna aliyewahi kumwamkia hata siku moja. Kumbe huku alikuwa anaamkiwa kila asubuhi. Asante, mwanangu."

Nilimwita mwanangu, mtu wa mvi kama zangu. Hakukataa. Akauliza alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia jina lile polepole, vizuri, kisha akamwambia mjukuu wangu, "Nipige na mimi hapo karibu naye. Mara moja tu." Akasimama amenyooka upande mmoja, mke wake upande wa pili, kama watu wa familia siku ya harusi. Tulipoondoka alituambia picha zote mbili zitumwe.

Jumanne jioni akapiga simu. "Wamemaliza," akasema.

"Haya, mzee."

"Niliwaambia wamfunike kichwa kwanza. Kwa gunia safi."

"Haya," nikasema tena.

Mjukuu wangu alitaka kuisafisha ile picha kwa simu, aondoe madoa ya rangi na masizi yaliyobaki penye pua. Nilimkataza. Ikachapishwa mjini ilivyo, kubwa, ikatundikwa Shieywe ukutani juu ya redio. Nikikaa kula inanitazama. Kidevu kiko juu na mdomo umebanwa kidogo upande mmoja. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinitazama nikimtuma maji naye hataki kwenda.